Tangazo Nililolifupisha

Ilianza Jumapili tarehe kumi na mbili Oktoba, saa kumi na dakika ishirini alasiri, niliposhuka kwenye basi la shule nikakuta karatasi imebandikwa kwenye geti letu. Saa naijua kwa sababu niliipiga picha karatasi ile, na picha ina saa yake. Bado ninayo kwenye simu.

Tunakaa Al Rayyan, huku Qatar, ambako wiki ya shule huanza Jumapili, kwenye vila moja ambayo mwenyewe aliigawa katikati ikawa nyumba mbili. Upande wa kushoto tuko mimi na mama. Tumetoka Kenya, mama ni muuguzi, baba alibaki nyumbani na kazi yake. Upande wa kulia wanakaa watu wa Zanzibar: baba ni dereva wa hoteli, mama anapika chakula cha watu nyumbani, na binti yao ni wa umri wangu, darasa langu, na ndiye rafiki yangu. Sisemi rafiki yangu mkubwa, kwa maana hakuna mdogo. Ni huyo mmoja. Mimi kuongea mbele za watu kunanishinda. Sauti inaniishia kooni, masikio yanapata moto. Yeye huongea mpaka mwalimu anamwomba apumzike. Shuleni tuna mpango wetu tangu mwaka juzi: mimi ninaandika, yeye anasimama.

Uani, karibu na sanduku la umeme, kulikuwa na friza moja kubwa nyeupe. Ilinunuliwa na mama zetu wawili kwa pamoja, na ndiyo iliyoleta vita.

Wiki tatu kabla ya Jumapili ile, mama aliletewa sukuma wiki na nyama ya mbuzi kutoka nyumbani na muuguzi mwenzake aliyetoka likizo. Mzigo huo ulisafiri kwenye sanduku, umefungwa magazeti na taulo. Mama aliupanga kwenye friza kama dhahabu. Upande wa pili wa friza mlikuwa na pweza wa jirani, wa oda ya harusi. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, asubuhi, friza ilikuwa inanguruma kama kawaida, lakini ukifungua, ndani ni maji na harufu. Maana yake mtu aliichomoa usiku kucha, kisha akairudisha kimya kimya. Hivyo ndivyo kila mmoja alivyoamua.

“Kuna mtu alichomeka pasi yake hapa,” mama alisema, bila kumtazama mtu.

“Pasi?” jirani alijibu. “Mie nguo zangu napiga pasi ndani, mwanangu. Wanaopiga pasi saa kumi za usiku ni wenye yunifomu.”

“Yunifomu yangu ndiyo inalisha hii nyumba.”

“Na pweza wangu je, alikuwa wa kuchezea?”

Baada ya hapo hawakusemezana. Mama alibandika utepe mwekundu katikati ya friza kwa ndani, kuanzia juu mpaka chini, na mpaka ule ulilindwa kuliko mipaka mingine yote ninayoijua. Mimi niliondolewa kwenye gari la baba wa rafiki yangu, lililokuwa likitupeleka shule, nikaandikishwa basi. Rafiki yangu akaambiwa akirudi aende moja kwa moja ndani. Vile vikao vyetu vya uani, mkeka, vitabu na bakuli la bisi, vikafa.

Ndipo mwalimu wa historia akatupanga wawili wawili, na kwa bahati akatupanga sisi pamoja. Swali letu lilikuwa: je, vita ndivyo vilivyoiunganisha Ujerumani? Tuwasilishe Jumatano, dakika tano, mbele ya darasa. Asiyeweza kukutana na mwenzake atasimama peke yake. Nikahesabu siku. Kama mama zetu hawatapatana kabla ya Jumatano, nitasimama peke yangu. Na hata nisingesimama peke yangu, nilimtaka tu rafiki yangu arudi mkekani.

Asubuhi ya Jumapili ile ile mwalimu alikuwa ametueleza habari yote. Zamani Ujerumani haikuwa nchi moja bali vipande thelathini na kitu, kila kimoja na mkubwa wake. Lugha moja walikuwa nayo. Biashara ya pamoja bila ushuru baina yao wengi walikuwa nayo. Lakini kuungana wapi. Kipande kimoja kikubwa cha kaskazini, Prusia, kikapata waziri mkuu mjanja. Mwaka 1864 Prusia na Austria wakaipiga Denmark pamoja na kuinyang’anya majimbo mawili, Schleswig na Holstein. Kisha wakaanza kugombana nani asimamie kipi, na mwaka 1866 Prusia ikampiga Austria, ikamtoa nje ya mambo ya Wajerumani.

Rafiki yangu, aliyekaa dawati la mbele yangu, aligeuka akaninong’oneza, “Schleswig na Holstein ndiyo ile friza yetu.”

Nilicheka hadi mwalimu akanitazama.

Kilichoniingia kichwani zaidi ni habari ya telegramu. Mwaka 1870 vipande vya kusini, kama Bavaria, vilikuwa bado haviitaki Prusia. Mfalme wa Prusia alikuwa anapumzika kwenye mji wa maji ya moto uitwao Ems. Balozi wa Ufaransa akamfuata na dai fulani, mfalme akamkatalia kwa adabu, wakaachana. Habari hiyo ikatumwa kwa telegramu kwa waziri mkuu. Yeye hakuongeza uongo. Alikata tu. Akaondoa maneno ya katikati, yale yaliyokuwa laini, akaitoa magazetini ikiwa fupi na kavu, ikasomeka kama mfalme na balozi wametukanana. Wafaransa wakawaka, wakatangaza vita. Na wale wa kusini waliokuwa hawaitaki Prusia wakaingia vitani upande wake. Mwezi wa kwanza mwaka 1871 dola ya Ujerumani ikatangazwa, tena ndani ya kasri la Wafaransa wenyewe.

“Hakusema uongo,” mwalimu alirudia. “Fikirieni hilo.”

Nililifikiria ndani ya basi njia nzima.

Sasa karatasi ya geti. Mlinzi wetu ni mzee wa Kisudani ambaye sote tunamwita ami, baba mdogo, kwa vile Wazanzibari walimwita hivyo tangu mwanzo. Ana chumba kimoja pale getini. Hatumi ujumbe wa simu, anaandika kwa mkono, kwa Kiarabu, na tangazo lake huwa na salamu, dua, habari yenyewe, kisha msamaha. Hata maji yakikatika saa moja tu utaombewa. Mama hasomi Kiarabu. Jirani anasoma herufi kwa sababu ya chuoni alikosomea Kurani utotoni, lakini maana ya barua anaikosa. Mumewe ana Kiarabu cha barabarani: kulia, kushoto, ngoja. Kwa hiyo kazi ni yangu. Shuleni Kiarabu cha kuandika nakiweza, na kuandika hakuhitaji sauti. Napiga picha, natafsiri, naweka kwenye kundi la simu la vila. Hiyo ndiyo heshima pekee niliyokuwa nayo pale nyumbani.

Tangazo lilikuwa refu. Wakaguzi wa usalama wa moto watapita Alhamisi. Friza iondolewe uani kabla ya siku hiyo. Ikibaki itatolewa na wakaguzi, naye hapendi tupate hasara. Kama hatuna nafasi ndani, tuilete chumbani kwake, ataitunza kama yake. Kulikuwa na mstari mmoja wa katikati wenye maneno mawili nisiyoyajua, nikauruka. Mwisho akatuomba radhi.

Nilisimama pale jua likinichoma shingo, nikaandika: “Friza iondolewe uani kabla ya Alhamisi. Ikibaki itatolewa.”

Basi. Hakuna neno hata moja nililoongeza. Nikatuma.

Dakika mbili hazikupita, mama akajibu kutoka kazini. “Ati itolewe? Itolewe na nani?” Kisha, “Hiyo friza ni ya huyo mlinzi?”

Jirani yeye alitoka mwenyewe, kanga begani, unga mikononi. Akaitazama karatasi, kidole kikifuata mstari wa kwanza.

“Hapa juu kuna salamu,” akasema. “Mbona weye salamu hukuandika?”

“Nimefupisha, Anti.”

“Ehe.” Akasogeza kidole. Mara akaing’oa karatasi, akaikunja ikawa kama kitonge. “Salamu ya nini kwa mtu anayekutolea chombo chako nje! Mie Alhamisi hii nina watu hamsini wa kuwapikia. Mama yako yuwaingia saa ngapi?”

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mama kwa wiki tatu.

Mama aliingia saa moja na nusu, hata yunifomu hakuvua. Walikutana pale kwenye friza.

“Umesoma?” mama aliuliza.

“Nshasoma. Huyu mlinzi yuwatutisha, ametuona wanawake.”

“Atajua hajui.”

“Kaa basi, unywe chai. Miguu hiyo imesimama tangu alfajiri.”

Mama akakaa. Jirani akaleta chai ya maziwa na mahamri, na mama, ambaye nyumbani kwetu huyaita mandazi, siku hiyo aliyaita mahamri. Walipomaliza chai, jirani alifungua friza akaubandua ule utepe mwekundu, akauviringisha kwenye kidole. Rafiki yangu alikuwa mlangoni kwao, akaniinulia nyusi: nini hiki? Nikainua mabega.

Jumatatu jioni mkeka ulirudi uani. Tuliandika kazi yetu hapo, tukala bisi, tukacheka. Yeye alijaribu kusoma utangulizi kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, “Prusia na mpira, Prusia, anampiga chenga Austria...” Niliona jambo langu limenyooka. Nilijisikia mwerevu, nisiseme uongo.

Upande wa pili mambo hayakuwa hivyo. Jumatatu asubuhi ami alitoa salamu yake pale getini, mama akapita. Baba wa rafiki yangu, ambaye kila siku hushusha kioo cha gari, hakukishusha. Jioni jirani alipika wali wa nazi, na sahani ya ami, ambayo huenda getini kila anapopika wali, haikwenda. Nilimwona mzee amekaa kwenye kiti chake cha plastiki akitazama upande wetu, kisha akainuka akaingia ndani. Wala hakuuliza. Nadhani alifikiri ni ile friza tu imetuuma, na kwamba itapita.

Jumanne saa kumi na moja mama, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo, aliniita uani. Jirani alikuwa ameshaweka karatasi nyeupe na kalamu mezani.

“Kaa,” mama alisema. “Andika barua kwa ofisi ya mwenye nyumba. Kwa Kiarabu kizuri.”

“Kuhusu nini?”

“Huyu mlinzi atolewe,” jirani alisema. “Andika: ametuvunjia heshima. Andika: ametutisha sisi na watoto wetu.”

“Andika tunataka mwingine,” mama aliongeza. “Mwenye adabu.”

Mkono wangu uliishika kalamu lakini haukuandika. Ami akitolewa hapotezi kazi tu. Anakolala ni pale pale, na karatasi zake za kukaa nchini ziko kwa mwenye nyumba huyo huyo.

“Nataka kuangalia maneno ya heshima kwanza,” nikasema, nikaingia ndani na simu.

Huo haukuwa uongo pia. Barua za ami zina maneno mazuri ya kuanzia, nilitaka kuyanakili. Nikafungua ile picha ya Jumapili. Safari hii niliisoma polepole, na ule mstari nilioruka nikautafuta neno kwa neno kwenye kamusi ya simu. Neno la kwanza lilikuwa soketi. La pili lilikuwa kujikata, yaani umeme kujikata wenyewe.

Mstari ulisema: “Soketi ya uani ikipata joto hujikata yenyewe na baadaye hurudi, nayo ndiyo iliyoharibu chakula chenu mwezi uliopita, wala si mkono wa yeyote kati yenu.”

Niliusoma mara nne. Hakuna aliyechomoa friza. Si pasi ya mama, si mkono wa jirani. Tangazo lile lingetafsiriwa lote, wangepatana Jumapili ile ile saa kumi na nusu, bila adui. Nilikuwa nimeushika upatanisho mkononi nikaukata ili nilete vita, na vita ndivyo nikaviita upatanisho.

Rafiki yangu aliingia kunitafuta. Nikampa simu. Anasoma Kiarabu kama mimi tu. Alisoma mpaka mwisho, akakaa kitandani.

“Kumbe waziri mkuu ni weye.”

Nikaichukua simu yangu.

“Usiseme,” akasema. “Sikiliza. Barua iandike vibaya, isieleweke, ofisini wataitupa. Kesho tunawasilisha. Ukisema leo watagombana tena, mie nitarudishwa ndani, na weye utasimama peke yako.”

“Hawatagombana tena. Wana sababu gani?”

“Basi watakugombeza weye. Mamangu akikasirika hana wiki mbili wala tatu. Utanikosa.”

Hilo nililijua. Nilikaa na simu nikasikia huko nje mama anamwambia jirani, “Huyu mtoto ni mpole sana, lakini kalamu yake, ah!” Nadhani ni sifa hiyo iliyonimaliza. Nikaandika tafsiri yote, kuanzia salamu. Wakaguzi, hasara, chumba chake, soketi, msamaha. Chini nikaandika: “Hili ndilo tangazo la Jumapili. Nililikata mimi kwa makusudi ili mpatane. Ule mstari wa soketi niliuruka. Ami hakutukana mtu.” Nikaweka na picha. Nikatuma kwenye kundi, saa kumi na moja na dakika arubaini.

Simu zote mbili zililia huko nje kwa pamoja.

“Soketi!” jirani alisema.

“Soketi,” mama akasema.

“Na mie nilikutukana mpaka na yunifomu yako. Nisamehe, dada.”

“Na mimi na hiyo pasi. Wacha tu.”

Nilidhani labda yataishia hapo. Kisha mama akaita jina langu lote, la kwanza na la ubatizo na la baba, na nikajua.

Walikuwa wamesimama bega kwa bega pale uani. Sijawahi kuwaona wameungana vile, hata Jumapili.

“Ulituona sisi wajinga?” mama aliuliza.

“Hapana.”

“Mzee wa watu,” jirani alisema, sauti imeshuka, na hilo lilinitisha kuliko kelele. “Mie nimemnyima wali. Nimemnyima salamu, mtu aliyenitolea salamu. Kwa maneno yako.”

“Tulitaka kumtoa kwenye chumba chake,” mama alisema. “Unajua hiyo ni nini kwa mtu kama yeye?”

Nilisema najua. Nafikiri walinisikia, sauti ilikuwa ndogo.

“Huyu na wangu wasikae pamoja kwa sasa,” jirani akasema.

“Hata mimi naona hivyo,” mama akasema. “Mwezi mmoja. Na basi la shule litaendelea.”

“Mwezi,” jirani alikubali. Wakapeana mikono kabisa. Nikawa Ufaransa mimi.

“Na kwa mzee utakwenda mwenyewe,” mama alisema. “Kalamu na karatasi weka mbali. Utamwambia kwa mdomo.”

Jioni hiyo sikutoka tena. Niliwasikia kupitia ukuta wakipanga nani aende na sahani getini, wakaenda wote wawili. Mimi nilichukua kazi ya historia nikaifungua mwisho, pale tulipoandika kwamba bila vita Ujerumani isingeungana. Nikaukata mstari huo. Nikaandika kwamba vita viliiunganisha upesi, lakini biashara na lugha vilikuwapo kabla, na hatuwezi kujua vingefika wapi vikiachwa. Nikaongeza kwamba Wafaransa walionyang’anywa majimbo hawakusahau. Sikujua kama mwalimu atapenda jibu lisilo na ndiyo wala hapana.

Asubuhi yake, Jumatano, niliamka saa kumi na moja na robo. Nilinakili tangazo lote kwenye karatasi safi, Kiarabu juu, Kiswahili chini, pamoja na salamu na dua na mstari wa soketi. Nikaenda getini. Ami alikuwa ametoka kuswali, anakunja mkeka. Nikamwamkia. Masikio yalikuwa yanawaka. Nikamwambia kwa Kiarabu, kwa sentensi fupi, na mara mbili nilisimama katikati nikaanza upya: ni mimi niliyeyakata maneno yako, wao hawakuyajua, unisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa nini. Nikamwambia nilimtaka rafiki yangu arudi. Akatikisa kichwa taratibu, wala hakuniambia “si neno.” Alisema, “Binti yangu, siku nyingine uniulize nikusaidie,” kisha akafungua mlango wa chumba chake wote mpaka ukutani na kuanza kusogeza kitanda chake, apate nafasi ya friza.

Nilishika upande wa pili wa kitanda tukakisogeza. Nikabandika karatasi yangu kwenye geti, pale pale ilipokuwa ya kwanza, nikaenda kona kungoja basi. Gari la baba wa rafiki yangu lilinipita. Kioo cha nyuma kilishuka kidogo, mkono ukatoka na ukurasa wetu wa kwanza, ule anaousoma yeye, ukapungwa hewani. Nikatoa begini ule wa mwisho, nitakaousoma mwenyewe, nikaupunga. Basi likaja, nikapanda, nikausoma kwa sauti, chini chini, mpaka shule.